Busia na Malaba: Mitaa Ipatayo Riziki kwa Foleni ya Wengine

Wasomaji wengi wamepata kulisikia jina la Busia, na baadhi yao wamepita hapo katika safari ya kwenda Kampala au kurudi; lakini ni wachache waliolala hapo usiku mmoja kwa hiari yao. Msafiri huuona mji huo kama mlango tu. Hushuka garini, huonyesha kitambulisho, hununua ndizi au yai la kuchemsha, kisha huvuka na kwenda zake. Haimpitii moyoni ya kwamba nyuma ya maduka yale yanayoelekea barabara wako maelfu ya watu ambao mlango huo ndio kwao, nao hulala na kuamka papo hapo katika makelele yake.

Busia ya Kenya ni makao makuu ya Kaunti ya Busia, ambayo katika hesabu ya mwaka 2019 ilionekana kuwa na watu 893,681. Ng'ambo ya mpaka iko Busia nyingine, ya Uganda, wala mgeni hawezi kutambua kwa macho ni wapi mji mmoja wakoma na wa pili waanza. Kwenda kaskazini mwendo wa kilomita 30 hivi, kwa barabara ipitayo Alupe na Adungosi, uko mji wa Malaba, ambao nao una pacha wake wa Uganda. Malaba pana mto wa kuwatenga watu, na mto huo huitwa Malaba vilevile. Busia mjini hapana mto wala kilima. Mpaka umepita katikati ya watu kama ipitavyo kamba ya kuanikia nguo katika ua wa wapangaji.

Na ua huo wa wapangaji wafaa kuelezwa, kwa kuwa ndipo maisha ya mji yalipo.

Mtu na aingie mtaa wa Marachi au wa Burumba saa kumi na moja alfajiri, jua halijatoka. Nyumba nyingi ni za vyumba vya kupangisha, vilivyojengwa kwa safu mbili zitazamanazo, na katikati ni uwanja mdogo wa watu wote. Mlango wa kwanza huwa wa karani aliyehamishiwa hapo kutoka Nyeri au Mombasa, ambaye huhesabu miezi ya kuondoka. Wa pili ni wa mama auzaye omena. Wa tatu ni wa vijana wanne waendeshao pikipiki, nao hulala kwa zamu kwa kuwa kitanda ni kimoja. Wa nne ni wa mwalimu. Wa tano ni wa mtu ambaye hakuna ajuaye hasa kazi yake, ila hutoka usiku na kurudi alfajiri, viatu vimejaa tope, na majirani kwa adabu hawamwulizi.

Watu hawa wote hulitaka bomba moja wakati mmoja. Maji yakikatika, mchuuzi huja na mitungi ya lita 20 juu ya baiskeli yake, na bei hupanda kwa kadiri ya shida ya wanunuzi. Choo nacho ni kimoja au viwili, na zamu ya kukiosha ndiyo iletayo ugomvi kuliko siasa na dini zikiwekwa pamoja. Wako wenye nyumba waliojenga vyumba 20 wakasahau choo cha pili. Hao kodi hawaisahau hata siku moja.

Salamu za asubuhi katika ua huo zingemshangaza mzee wa kijijini. Mteso husalimiwa "yoga", Mluhya "mulembe", na aliyetoka ng'ambo huulizwa "oli otya", kisha wote huingia katika Kiswahili ili waendelee na maneno ya maana. Si Kiswahili cha Mombasa. Ni Kiswahili cha sokoni kilichoazima neno katika kila mlango, lakini hakuna aliyepata kukosa chumvi kwa sababu ya kutoeleweka. Mama mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake, na mwanamume mgeni huitwa "baba fulani" hata kabla hajaoa, kwa kuwa jina lake la kweli watu hawana haja nalo.

Kelele ndizo zimshindazo mgeni. Usiku wa Ijumaa kuna baa. Usiku wa Jumamosi kuna kanisa likeshalo kwa vipaza sauti. Na kila usiku kuna honi za malori na ngurumo za mashine ya kusaga. Mtu aliyezoea shamba, ambaye jirani yake yu mbali kiasi cha kuitwa kwa sauti, huiona wiki ya kwanza kama homa. Wiki ya tatu huanza kulala. Mwaka ukipita, akirudi kwao Butula au Amukura kwa likizo, ukimya humwamsha usiku wa manane, akaketi kitandani akisikiliza.

SHILINGI MBILI

Mtoto wa Busia hufundishwa hesabu mara mbili: shuleni na kwa muuza mandazi. Ajua tangu akiwa na miaka sita ya kwamba kuna shilingi na shilingi. Shilingi moja ya Kenya hupata shilingi nyingi za Uganda, na kiasi hicho hubadilika hata katika siku moja. Wabadilishaji fedha hukaa barabarani, mabunda mkononi, nao huijua bei mpya kabla hujawauliza. Tangu mwaka 2007 fedha za simu zilipoanza Kenya, noti zimepungua katika mifuko ya watu, lakini bado mabunda hayajaondoka mpakani.

Haikuwa hivyo siku zote. Sehemu hii yote ilikuwa katika Jimbo la Mashariki la Uganda mpaka mwaka 1902, jimbo hilo lilipotolewa Uganda na kuingizwa katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Na mpaka wenyewe ulielezwa kwa amri ya mwaka 1926. Wateso, Wasamia na jamaa zao walijikuta wamegawanywa bila kuhama hatua moja. Lakini mgawanyo ule ulikuwa wa ramani zaidi kuliko wa mfuko. Ushuru wa forodha wa Kenya na Uganda ulikuwa umeunganishwa tangu 1917, na shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza 1921, ilitumika pande zote mbili. Mama aliyeuza kuku ng'ambo alirudi na fedha ileile ya kununulia sabuni nyumbani. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa fedha yake, na tangu siku hizo mpaka uliingia hata katika kikapu.

Ndipo mitaa hii ilipopata kazi yake. Mahali penye bei moja hapana biashara ya kuvuka. Mahali penye bei mbili, hata mtoto hupata senti. Ndizi, maharagwe, mahindi na mayai huja Kenya. Sabuni, mafuta ya kupikia, saruji na vyombo vya plastiki huenda Uganda. Mwaka mwingine sukari huja, mwaka mwingine huenda. Mama wa omena katika ule ua wetu wa Marachi hana haja ya gazeti kujua bei ya mahindi. Hutazama tu magunia yanaelekea wapi.

Katika biashara hiyo wamo watu wenye ulemavu, ambao kwa miaka mingi wamefanya kazi ya kuvusha mizigo Busia kwa baiskeli zao za magurudumu matatu zisukumwazo kwa mikono. Mtu asiyejua huona maskini anayesukuma gunia. Ajuaye huona mfanyabiashara mwenye wateja wake wa kila siku, alipaye ada ya shule kwa gurudumu lile.

Na kutoka hapohapo mpakani lilitoka neno ambalo leo husemwa Afrika Mashariki nzima. Katika miaka ya 1960 kituo cha Kenya na kituo cha Uganda vilitengwa na kipande kirefu cha barabara, na basi la upande mmoja halikuvuka kwenda upande wa pili. Abiria alishuka na mizigo yake, akatembea juani. Vijana wenye baiskeli wakaweka mto wa kukalia juu ya kibebeo cha nyuma, wakawa wakiita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, wakilirudia mara mbili: "Boda, boda!" Kazi hiyo ikaenda Kisumu, ikaenda Kampala, ikaenda hata vijijini pasipo na mpaka wowote. Serikali ya Kenya ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, baiskeli zikawa pikipiki. Leo kijana wa Kitui au wa Lamu husema yeye ni mtu wa boda boda, wala hajui ya kuwa amejiita mtu wa Busia.

MADEREVA WANGOJA

Malaba ni habari nyingine. Busia hupita watu zaidi. Malaba hupita shehena, ingawa malori hayakosi Busia wala wapita njia hawakosi Malaba. Kutoka bandari ya Mombasa hadi hapo ni zaidi ya kilomita 900 za lami, na kwa njia hiyo huja mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Reli nayo hupita hapo kwenda Tororo, ile reli iliyofika Kampala mwaka 1931. Lakini siku hizi maisha ya Malaba hayapimwi kwa gari la moshi. Hupimwa kwa foleni ya malori.

Mtu akisimama barabarani huko Amagoro siku ya foleni, huona malori yamepangana upande mmoja, pua kwa mkia, kama ng'ombe wangojao kuingia josho. Dereva hupika chini ya lori lake kwa jiko la mkaa. Tanboi wake hulala juu ya turubai ili mtu asije akafyonza dizeli. Mbele yao lori husogea urefu wa lori moja, kisha husimama tena saa nzima.

Na kando ya foleni hiyo ndipo mji ulipojengwa. Chai na chapati. Maji ya kuoga kwa ndoo. Kinyozi chini ya mti. Kijana wa kuchaji simu, kijana wa kulinda lori usiku, kijana wa kuziba panchari. Nyumba za wageni zenye vyumba vya kitanda kimoja na ndoano moja ya kutundikia shati. Mawakala wa forodha, ambao ofisi zao zamani zilijaa karatasi hadi dirishani. Hao wote hawauzi kitu ambacho dereva alikifuata Malaba. Huuza vitu vya mtu aliyezuiwa.

Asubuhi moja katika kibanda cha chai mazungumzo huwa kama haya:

"Habari ya asubuhi, mama."

"Njema, baba. Umefika lini?"

"Jana jioni. Nimeambiwa mbele yangu kuna malori kama 200."

"Basi chai yangu utainywa hata kesho."

"Wewe wafurahi, mama. Tajiri wangu analia."

Wote wawili hucheka, lakini hakuna aliyesema uongo. Kwa tajiri wa lori, kila siku ya kungoja ni mshahara, ni mafuta, ni mkopo wa benki unaoendelea kuhesabiwa. Kwa mnunuzi wa Kigali au wa Juba, siku hiyo huongezwa katika bei ya bati na ya mbolea. Kwa mama wa chai, siku hiyo ni unga, ni daftari, ni dawa ya mtoto.

Haifai kusifu foleni kupita kiasi. Moshi wake huingia katika vyumba vya watoto. Msichana wa shule apitaye kando yake kila jioni huitwa majina asiyoyapenda, na wapo walioacha shule kwa ajili ya ahadi za mtu ambaye kesho yake alikuwa Kampala. Ukimwi ulipoenea katika miaka ya 1980 na 1990, miji ya njia kuu kama Malaba iliumia sana, na wazee wa huko hukumbuka nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu tu.

KITUO KIMOJA

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa 1967 ilivunjika. Mkataba mpya ulitiwa sahihi tarehe 30 Novemba 1999, umoja wa forodha ukaanza 2005, na soko la pamoja Julai 2010. Maneno haya makubwa yalichukua muda kufika kibandani. Yalifika kwa hatua mbili. Kwanza, tangu mwaka 2014, mizigo mingi ya Uganda ilianza kutozwa ushuru ikiwa bado Mombasa, badala ya kungoja mpakani. Mwaka uo huo raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wakaweza kuvuka kwa kitambulisho cha nchi yao. Pili, tarehe 24 Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia.

Kabla ya hapo mtu alikaguliwa mara mbili: atoke Kenya kwa foleni, aingie Uganda kwa foleni. Sasa aendaye Uganda hupita moja kwa moja hadi jengo la Uganda, na humo hukuta ofisa wa Kenya na ofisa wa Uganda wameketi chini ya dari moja. Ajaye Kenya hufanyiwa vivyo hivyo upande wa Kenya. Malaba nako kumewekwa utaratibu huo. Lori lililongoja siku mbili au tatu likaweza, mambo yakienda sawa, kuvuka siku ileile.

Wafanyabiashara wadogo nao waliwekewa utaratibu wao: mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani hupewa cheti chepesi mpakani, bila wakala wala mzunguko. Jambo hili ni jema sana, na ni aibu kwamba wengi hawalijui hata leo, wakaendelea kupita njia za panya gizani na mzigo ambao wangeweza kuupitisha mchana.

Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo mkulima wa mbali aweza kulicheka: foleni ikipungua, ni nani apataye hasara? Mtu yule wa chai. Kinyozi. Mlinzi. Wakala aliyekuwa na makarani watatu, ambaye kazi yake imehamia Mombasa, naye hana budi kuifuata au kuuza meza zake. Mwenye nyumba ya wageni ambaye hana budi kuvipangisha kwa mwezi vyumba alivyokuwa akivipangisha kwa usiku. Waliojenga vituo vile hawakukosea. Nchi haiwezi kuendeshwa kwa ajili ya vibanda. Ila faida imegawanywa kwa mamilioni ya watu, na kila mmoja amepata chembe isiyoonekana. Hasara imeangukia mtaa mmoja, na katika mtaa huo huonekana vizuri sana.

Wengine wamepata njia. Mama aliyekuwa akiuza chai kwa dereva mwenye siku tatu za kungoja sasa huuza chapati zilizofungwa tayari, zipokewazo dirishani lori likiwa linasogea. Lazima aziuze nyingi, na kwa haraka. Magoti yake yamelalamika, lakini zaliwa.

MLANGO UKIFUNGWA

Watu wa mpakani huogopa jambo moja kuliko foleni fupi, nalo ni mlango kufungwa. Wameliona zaidi ya mara moja. Februari 1976 Idi Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya kuwa ya Uganda, na watu wa Busia walitazamana na jirani zao wasijue waseme nini. Miaka hiyohiyo bei ya kahawa ilipanda duniani baada ya baridi kali kuiharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975, na kahawa ya Uganda ikawa ikivushwa kwa magendo usiku, hata Chepkube, upande wa Mlima Elgon, pakawa na soko ambalo halikuandikwa katika kitabu chochote cha serikali. Wako waliojenga nyumba za mawe kwa kahawa hiyo. Wako pia waliozama mtoni na waliopigwa risasi, na watoto wao hawana nyumba ya mawe. Desemba 1987 risasi zilisikika Busia penyewe, baina ya askari wa pande mbili. Watu walikufa, na mpaka ukafungwa kwa muda. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, Wakenya kwa maelfu walikimbilia Uganda kwa milango hiyohiyo, na mafuta ya Uganda yakakatika.

Machi 2021 nako, tarehe 5, Kenya ilikataza mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumu ya kuvu, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti. Siku chache hizo si kitu kwa mtu wa Nairobi. Kwa mpakiaji wa magunia alipwaye kwa gunia, zilikuwa ni siku za njaa.

Lakini hakuna kulikopita kule kwa mwaka 2020. Mwezi Machi Uganda iliwafungia wasafiri mipaka yake kwa ajili ya maradhi ya korona, na Kenya nayo ikaweka amri zake. Malori ya shehena yaliruhusiwa. Watu wa miguu hawakuruhusiwa. Kwa siku moja ule ukamba wa ua ukawa ukuta. Mwanamke aliyeolewa Sofia, mtaa ulioko upande wa Uganda mpakani kabisa, aliweza kuona paa la nyumba ya mama yake asiweze kwenda kumpelekea uji. Misiba ilitokea, na jamaa wakasimama upande huu wakisikia mazishi upande ule. Tazama, watu ambao mwaka 1902 na 1926 hawakutengwa kwa kweli, walikuja kutengwa 2020.

Na foleni ilirudi. Kila dereva alipimwa, na majibu yalichelewa siku kadhaa, hata msururu wa malori ukaenda kilomita nyingi kutoka Malaba kuelekea Bungoma. Kwa hesabu ya zamani, huo ungekuwa mwaka wa neema kwa vibanda. Haukuwa hivyo. Habari zilienea ya kwamba madereva ndio waletao ugonjwa, na mtu aliyekuwa akiitwa "baba" na kuwekewa kikombe cha pili bure sasa aliambiwa aache fedha juu ya jiwe na kuchukua chai yake mbali. Wengine walikataliwa hata maji. Mama wa chai alikuwa na njaa ya watu aliowaogopa. Wapo waliofunga vibanda. Wapo waliosema ya kwamba mtoto akifa kwa njaa au kwa korona kaburi ni moja, wakaendelea kuchemsha. Hakuna katika hao wawili awezaye kulaumiwa na mtu aliyekuwa akilipwa mshahara.

Januari 2022 upimaji wa lazima ulileta msururu tena, mafuta yakaadimika Uganda, mpaka amri ikalegezwa. Safari hiyo watu wa Malaba hawakukimbia. Walikuwa wamekwisha kujifunza kuvaa barakoa, na kusimama upande upepo utokako.

Siku hizi mlango u wazi. Foleni ya Malaba huja na kwenda: mtambo wa kompyuta ukizima, au mvua ikizidi, au sikukuu ikikaribia, malori hujipanga tena hadi Amagoro, siku nyingine hupita kama maji. Hakuna atangazaye mapema. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za kando ya barabara kuna kazi moja ya jioni apewayo mtoto mkubwa, baada ya kuchota maji na kabla ya kufungua daftari zake. Hutumwa akatembee barabarani mpaka aone lori la mwisho, kisha arudi kusema limesimama wapi. Akisema kwenye daraja dogo, mama huloweka maharagwe ya watu kumi. Akisema ng'ambo ya shule, mama hufungua kijaluba, huhesabu noti za Kenya upande mmoja na za Uganda upande wa pili, kisha humtuma tena dukani, na safari hii humwambia alete sukari kilo mbili.